Mzimu wa Zamu ya Asubuhi

Saa nne na robo asubuhi fundi cherehani alifika mapokezi ya jumba la kale lililogeuzwa nyumba ya wageni, akapewa fomu na kalamu iliyofungwa mezani kwa uzi. Palipoandikwa "sababu ya kuja" palikuwa na visanduku vitatu: kazi, mapumziko, kuona mzimu. Akatia alama kwenye cha tatu, na kwa kuwa ni mtu anayependa mambo yaliyonyooka, akaongeza pembeni: "Ni bibi yangu, mzaa mama."

Meneja alisoma, akagonga muhuri. "Yuko juu anatandika. Picha ruhusa, ila usimkatize kazi."

Bibi alikufa miaka thelathini na nane iliyopita kwenye ngazi za jumba hilohilo, akimpelekea bwana mkubwa maji ya kuoga. Ndoo haikumwagika. Watu wa nyumbani walikuja wakauchukua mwili wakauzika, na yeye mwenyewe, baada ya kupumzika kama dakika tano, aliinuka akaendelea kupanda.

Fundi alimkuta chumba namba saba akichomekea shuka. Ukimtazama kifuani uliliona dirisha lililokuwa nyuma yake, ila si vizuri sana, kwa sababu ya aproni. Mlango angeweza kuupita bila kuufungua. Shuka haziwezi, kwa hiyo alikuwa anaufungua kama watu wengine.

"Mume wangu," alisema bila kugeuka, "umenenepa. Nani anakulisha na mimi mkeo niko huku?"

"Mke gani wewe, hata kuniangalia huniangalii."

"Shika ncha hiyo, punguza domo."

Fundi akashika ncha, akaeleza alichotumwa. Mama yake, binti wa pekee wa bibi, ana miaka sabini na miwili na magoti yamegoma. Anataka jambo moja tu kabla hajafa: kukaa na mama yake. Utotoni alikuwa akimwona Jumapili moja kwa mwezi, na Jumapili hiyo bibi alikuwa analala kutwa nzima kwa uchovu.

Bibi aliinyoosha foronya muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Kamuulize bwana. Mimi sitoki hapa kwa kunyatia kama mwizi."

Bwana mkubwa naye alikuwa marehemu, mwaka wa thelathini huo, ila yeye alikuwa na chumba namba moja, chenye roshani. Alikuwa amelala ndani ya pajama za mistari, kidevu juu.

"Likizo?" alisema. "Mtu keshakufa, anataka likizo gani tena?"

"Akamwone mwanawe."

"Na maji yangu nani ataleta?"

"Mzee, na wewe umekufa. Unaoga uende wapi?"

Bwana mkubwa aliona kijana amekosa adabu, akageukia ukutani.

Meneja alisikitika kwa kiasi. Alitoa hati ambayo watoto wa bwana mkubwa waliitia sahihi walipouza jumba. Ukurasa wa tatu, kati ya kabati la vyombo na bafu la chuma, palikuwa na mstari: mfanyakazi mmoja wa kike, hali nzuri.

"Hapo kwenye hali nzuri walitupiga," alisema meneja, kama mtu aliyeuziwa friji bovu. "Lakini hatukulalamika. Kazi anafanya."

Fundi akatoka barazani kumpigia mama yake simu.

"Mama, wamekataa."

"Amekula?"

"Mama, amekufa."

"Nimekuuliza amekula?"

"Sijamwona akila."

"Basi nakuja mwenyewe."

Alikuja Jumamosi na fimbo yake na miwani, akachukua chumba namba saba. Bibi, aliyeishia miaka hamsini na minne, aliingia na shuka safi, akamtazama yule kikongwe kitandani.

"We mtoto, mbona umezeeka hivi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka nitandike."

"Kaa kwanza, mama. Nimekuja tukae."

"Nikikaa, vyumba vitano vinalala bila kutandikwa."

Mama alimngoja. Bibi hakukaa. Basi mama akaiegemeza fimbo ukutani, akashika ncha ya pili ya shuka. Vyumba vyote walivimaliza saa nane mchana, wakizungumza njia nzima: nani aliolewa na nani, nani alimwacha nani, kwa nini siku ile ya ubatizo wa mtoto wa jirani bibi hakuja. Waligombana juu ya namna ya kukunja pembe. Kesho yake wakaanza upya, na keshokutwa. Fundi alipokuja kumchukua, mama alimwambia arudi mwezi ujao, wameanza tu kufikia habari za marehemu baba.

Meneja hakumwandikia mama barua ya kazi wala hakumuuliza anaondoka lini. Aliagiza kwa fundi aproni ya pili, na fundi akaishona, na mfuko wa miwani akauweka. Kibao cha getini kikapakwa rangi upya: MIZIMU MIWILI.

Mgeni mmoja, aliyesafiri mbali ili atishwe, alimgusa mama bega kwenye ukumbi, akashuka mapokezi kulalamika kwamba huyu wa pili ana joto.

"Bado mpya," meneja akamjibu. "Atapoa."