Kizibo cha Bwana Pelamu

Hakuna mtu baina ya Changamwe na Mikindani aijuaye habari hii kunishinda mimi, maana siku ile nilikuwamo mle ofisini mwa ghala la mafuta, na kila neno nililisikia kwa masikio yangu haya mawili. Haya, mle ofisini sikuwamo. Nilikuwa nje, nimechuchumaa chini ya dirisha na sinia langu la mahamri, na mara mbili lori la mafuta lilipita nikapitwa na maneno. Yale yaliyokwenda na lori nimeyajaza mwenyewe, wala hamtayatambua.

Dirisha liliachwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani, Bwana Pelamu alikuwa akiapa.

"Kizibo hiki ni akili yangu mwenyewe," alisema, mkono mmoja juu ya Biblia, "na majaribio ya miezi kumi na minne. Hakuna aliyenifundisha. Na mwanamke huyu sijapata kuzungumza naye maishani mwangu."

Alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa mchunguzi aliyeletwa kumsikiliza alitaka kila aliyemo afahamu. Kiswahili cha Bwana Pelamu kilikuwa cha kuitishia chai na kufukuzia watu; hapa nimekinyoosha kidogo, nisiwachoshe.

Mwanamke huyo alikuwa Kafedha. Alisimama karibu na mlango, miguu mitupu, kibuyu kimoja kikuukuu amekipakata ubavuni. Viti vitatu vitupu vilikuwa mbele yake na hakuna aliyemwambia kaa. Bwana Pelamu alimtazama kama mtu anayetazama tope kwenye kiatu, akijiuliza amekanyaga wapi.

Kazi ya Kafedha ilikuwa kuziba vibuyu. Wagema wa upande wetu hupanda minazi na mboko, vile vibuyu vidogo vya kukingia tembo, na mboko zikianguka hupasuka. Wengine huzitupa. Wenye akili walimpelekea Kafedha, kwenye kibanda chake cha makuti mkabala na lango la ghala la mafuta. Alitwanga sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, mpaka ikawa kama chumvi. Akaiyeyusha kwenye kigae juu ya makaa, pole pole, huku anainusa, maana aliijua kwa harufu kabla ya macho. Ikianza kunukia kama kanisa alitia mafuta ya mbarika tone kwa tone, kisha chokaa ya makombe iliyochekechwa kwa kitambaa. Akapaka kwenye ufa kwa kijiti, akakizika kibuyu ndani ya jivu vuguvugu hadi siku ya pili. Jivu ndilo alilokuwa akiliheshimu. Kikipoa kwa haraka hupasuka tena; kikipoa ndani ya jivu, ukikigonga kwa kokoto hulia kama kibuyu kilichotoka shambani jana.

Mumewe alikufa kabla ya vita. Shamba lilikwenda kwa wakwe. Kilichobaki kilikuwa kile kigae na ile pua.

Sasa Bwana Pelamu. Huyu alikuwa mkubwa wa umeme pale ghalani, na umeme wake ulikuwa ukizimika kila wingu likipita. Pampu za mafuta zilikuwa na misumari ya shaba inayopitisha umeme kutoka nje kwenda ndani ya chuma. Wao waliiita terminali. Mpira wa Ulaya uliozunguka misumari ile uliliwa na mvuke wa petroli, unyevu wa chumvi ukaingia, cheche zikaruka. Cheche katika ghala la petroli! Makuli walifanya kazi huku wanasali. Bwana Pelamu yeye aliandika barua kuomba mpira mwingine.

Kisha siku moja, mchana, akasimama mbele ya kibanda cha Kafedha. Akauliza, akajibiwa, akaenda zake. Haukupita mwezi, kila terminali ilikuwa imezungushiwa kitu kigumu cha rangi ya asali, na cheche zikakoma. Watu wakampa mkono. Akaupokea. Akaupokea mpaka akaamini.

Ndipo akaandika kwao Ulaya aombe hataza. Wakati ule jina hilo hatukuwa nalo; tulisema "karatasi ya Bwana Pelamu." Ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki ni cha fulani, wengine wote mikono chini. Ila ina sharti lake: kitu kiwe kipya, kisiwe kimepata kutumiwa na mtu popote. Na kampuni moja ya huko huko kwao ikapinga, ikasema vizibo vya namna hiyo vipo tangu zamani. Basi ofisi ya hataza ikaagiza mtu aje achunguze papa hapa Changamwe. Mwaka wenyewe ni arobaini na saba, mgomo mkubwa ulikuwa umekwisha miezi michache tu.

Wiki moja kabla mchunguzi hajafika, karani wa Bwana Pelamu alikwenda kwa Kafedha na maaskari wawili. Karani huyo aliitwa Musyoka, mtu wa bara, hodari sana wa kuchonga penseli.

"Mama, hii nyumba yako inaharibu kazi ya Bwana," alisema. "Toa."

"Nyumba? Miti minne na makuti tisa, wewe waona nyumba?"

"Ni amri."

"Amri ya nani?"

Musyoka akafikiri. "Ya sayansi," akasema.

"Mwambie Sayansi nampa salamu. Mimi nimekuwa hapa miaka kumi na mitatu."

"Sikiza, mama. Karatasi ikitoka, hakuna kuziba tena. Hata kibuyu. Imeandikwa hivyo, chombo cho chote. Ukionekana na sandarusi kwa moto, ni kotini."

"Na huo mdomo wako utazibwa na nini?"

Wakavuta miti. Makuti yakalala. Mboko ishirini na mbili za wagema zikakanyagwa mpaka zikawa vigae, kisha vigae vikafagiwa visionekane, maana mchunguzi alikuwa akija. Kafedha hakulia wala hakupiga ukelele. Aliokota kigae chake cha kuyeyushia, akakipangusa kwa upindo wa leso, akaenda nacho nyumbani. Siku tano wagema walipita wakimuuliza, naye akawajibu kwamba mikono inamuuma.

Tangazo la uchunguzi lilibandikwa kwa Kiingereza, nyuma ya choo cha makarani. Kwa hiyo lilitangazwa. Lakini askari wa lango, Baya, alikuwa mteja wa Kafedha, akampitia alfajiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Mzee wa kupeleleza yuko leo. Lango langu mimi leo halina kufuli."

"Nikaseme nini, Baya? Wale wana karatasi."

"Nawe si una kibuyu cha mamako?"

Na ndicho hicho alichokipakata.

Mchunguzi alikuwa Mzungu mzee, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipata kupima mashamba huko Rabai kwa miaka thelathini, akaokota lugha yetu njiani. Bwana Pelamu alipokwisha kuapa, mzee yule akaugeukia mlango.

"Kafedha."

"Abee."

"Lete hicho kibuyu. Nani alikiziba?"

"Mama yangu mzazi. Reli ilikuwa bado haijapita hapa."

Mchunguzi akakitia maji, akakiinamisha, akangoja. Hapana hata tone. Akakwangua ufa kwa kisu kidogo, akachoma kile alichokwangua kwa kiberiti, akanusa. Kisha akachukua terminali ya Bwana Pelamu, donge la chuma kubwa kama ngumi na msumari wa shaba katikati, akakwangua, akachoma, akanusa.

"Vinanuka kama ndugu," alisema.

Mimi huko nje nilisahau kuuza. Mtu aliniomba mahamri mawili nikampa matatu.

Bwana Pelamu akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani. "Sandarusi kila mtu anayo," alisema. "Hiki ni kibuyu cha walevi. Kinazuia tembo, umeme hakizuii. Kinachozuia umeme ni kitu cha nne, na hicho nimekigundua mimi. Ndicho ninachoombea hataza. Soma ukurasa wa sita."

Mchunguzi akafungua karatasi, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena kwa sauti. "Majivu ya manyoya ya mkia wa mbuzi dume mweusi. Kiasi cha vidole vitatu."

"Ndiyo."

"Kwa nini mweusi?"

"Nilijaribu mweupe. Nilijaribu mwekundu. Umeme ulipenya. Weusi wa manyoya una kaboni ya namna yake." Alisema bila kupepesa, kama mtu aliyeizoea sauti yake mwenyewe.

Musyoka akasimama bila kuitwa. "Ni kweli, bwana. Mbuzi nilinunua mimi. Weupe saba, wekundu saba."

"Kumi na wanne. Mkawala?"

"Hapana, bwana. Tuliwazika."

Pale langoni, hatua chache tu kutoka dirishani, Baya alishikwa na kikohozi. Mwaka ule nyama ilikuwa ya Krismasi, na huyu amezika mbuzi kumi na wanne wazima, nasi majirani hatukusikia hata harufu.

"Sawa," alisema mchunguzi. Hakucheka. Aliliweka dole lake juu ya ukurasa wa sita, akamwita Kafedha karibu. "Mama, sikiza vizuri. Nitakuuliza neno moja. Kama katika kibuyu hiki mna majivu ya mbuzi, basi kizibo cha bwana huyu ni cha mamako, na karatasi haipati. Kama hamna, basi chake ni kingine, ni kipya, na nitaandika kuwa ni kipya. Mna majivu ya mbuzi, au hamna?"

Nilitamani kumpigia kelele kupitia dirishani: sema mna! Neno moja tu, na kibanda kinasimama tena. Nani angejua? Mamake yuko kaburini, na mbuzi, kama yupo, yuko kaburini na wenziwe kumi na wanne. Bwana Pelamu alikuwa ameegemea kiti, ameshika kalamu tayari, kama kwamba aliyekuwa akichunguzwa pale ni mtu mwingine.

Kafedha akakitazama kibuyu. Akapitisha kidole juu ya ufa, pale ambapo kidole cha mamake kilipita.

"Hamna," akasema.

Kiganja cha Bwana Pelamu kikapiga meza. "Umesikia! Andika!"

"Hamna," Kafedha akarudia, "kwa sababu ni upuuzi. Mkia wa mbuzi nimeutunga mimi."

Hata nzi wa mahamri yangu walitua.

"Umeutunga vipi?" akauliza mchunguzi.

"Kwetu kazi hii haifundishwi bure. Mtu akitaka kujifunza huja na kadzama, kibuyu chake cha tembo, akaamkia, akaketi chini, tukanywa. Huyo hufundishwa kazi tupu. Asiyeleta kadzama hatumfukuzi, ni uchoyo. Tunamfundisha yote, ila tunamtilia na upuuzi ndani. Siku akileta kadzama tunamtolea upuuzi wake. Hivyo ndivyo mama alivyofanya na bibi kabla yake." Akamwonyesha Bwana Pelamu kwa kidevu. "Huyu alikuja amesimama. Kofia kichwani. Akaninyooshea fimbo kwenye kigae akasema, nini hii, nini ndani. Basi nikamwambia sandarusi, nikamwambia mbarika, nikamwambia chokaa na jivu la kupozea. Na mkia wa mbuzi nikamtilia. Nikasema atarudi. Hakurudi."

"Anasema uwongo!" Bwana Pelamu alikuwa amesimama. Shingo yake ilianza kuiva kutoka kwenye kola kwenda juu. "Amesikia hapa sasa hivi, wewe mwenyewe umesoma kwa sauti! Mimi na huyu hatujapata kusemezana. Nimeapa!"

"Umeapa," mchunguzi akakubali. "Na kweli, ukurasa wa sita nimeusoma kwa sauti." Akamgeukia Kafedha. "Mama, upuuzi ulikuwa huo mmoja tu?"

"Miwili, bwana. Huyu alikuja na fimbo."

"Wa pili upi?"

"Nilimwambia wakati wa kukoroga asimame ameikabili Mtongwe, kule ng'ambo ya maji, asigeuke hata nzi akimtua puani. Ama sivyo haigandi."

"Kwa nini Mtongwe?"

"Ndiko anakokaa mke mwenzangu. Nilitaka mtu awe anamkunjia uso kila siku, hata akiwa hajui."

Mchunguzi alilamba kidole. Akafungua ukurasa wa saba, ambao hakuna mtu aliyekuwa ameusoma mle ndani, na Kafedha, hata angefunguliwa mbele ya macho, asingeweza kuusoma. Midomo ya mzee ilitembea bila sauti. Ikafika mahali ikasimama, ikarudi nyuma, ikapita tena hapo hapo.

"Bwana," alisema pole pole, "umeandika hapa kwamba mchanganyiko ukorogwe kuelekea kusini-mashariki, kwa sababu ya sumaku ya dunia. Na hapa chini kuna jedwali. Umejaribu kaskazini, umejaribu magharibi, zote zikashindwa." Akaigeuza karatasi mezani, ikamtazama mwenyewe. "Hebu nieleze. Kutoka hapa tulipo, kusini-mashariki kuna nini?"

Kalamu ya Musyoka ilibiringika ikaanguka chini, naye hakuinama kuiokota.

Mchunguzi akageuka kutazama dirishani, na Kafedha akageuka, na Musyoka, na Baya kule langoni, nami na sinia langu, sote tukitazama kupita matangi, kupita ule utepe wa maji, kwenye minazi ya ng'ambo iliyokuwa ikitikisika kidogo kwa upepo wa saa nne. Bwana Pelamu peke yake ndiye hakugeuka.