Litapunga Haipatikani

Ponsian alipofuta ule mstari, kompyuta iliacha kulalamika, na yeye akapiga makofi.

"Kijani!" akasema. "Dada Theo, njoo uone. Kijani tupu. Nimeimaliza."

Kweli ilikuwa kijani. Tangu asubuhi ilikuwa nyekundu. Kila tulipojaribu kubildi, yaani kuvikusanya vipande vyetu vyote viwe programu moja, skrini ilitukatalia kwa maneno yaleyale: moduli ya Litapunga, kipande cha kata hiyo, haipatikani. Tulikagua njia ya folda, tukaikuta sawa. Tulifuta vifurushi vyote vya kazi tukavisakinisha upya, bando likaisha, jibu halikubadilika. Folda yenyewe haikuwepo, basi. Programu ilikuwa inamwita mtu ambaye hayupo nyumbani, na Ponsian, badala ya kwenda kumtafuta, akafuta wito.

Dawa hiyo naijua tangu kabla sijashika kompyuta. Vyandarua vilipogawiwa, tuliambiwa Litapunga itaongezwa baadaye. Visima vilipochimbwa, Litapunga itaongezwa baadaye. Mimi ni wa Magamba, chandarua nilipata na maji nilikunywa. Lakini dawati nilikaa moja na Dieudonne wa Litapunga, na nilikuwa namwona anavyokuja shule na homa. Mimi sisahau. Watu wananiambia ni ugonjwa. Sawa, niacheni niugue.

"Umefuta kosa," nikamuuliza Ponsian, "au umefuta kata?"

"Nimeitoa kwa muda tu. Tutairudisha."

"Lini?"

"Baadaye."

Nikacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Niseme tulikuwa tunajenga nini. Ushirika wetu, Mkulima Amka, uliletewa mbolea ya msimu, na safari hii viongozi walitaka igawiwe kwa tableti, kila mkulima aonekane jina na picha yake, asije mjanja akajichukulia ya jirani. Huko vijijini mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo majina na picha vilitakiwa viwe ndani ya programu yenyewe. Aliyekuwemo siku ya kubildi, yumo. Asiyekuwemo, tableti haimjui hata akiwa amesimama mbele yake na jembe begani.

Tulikuwa watatu. Ponsian, aliyesomea mambo haya Dodoma na ndiye kiongozi wetu, alichukua Kasansa. Mimi niliyejifundishia kwenye simu nilichukua Magamba. Dieudonne akachukua kwao. Bando likiwa ghali vile, kila mtu alifanya kazi kwenye laptop yake, Ijumaa tunakutana kwenye chumba chetu nyuma ya stationery pale Mpanda mjini, tunaunganisha kwa flashi. Mistari mitatu ya kuziita kata tatu tulishaiandika mapema. Halafu kabla ya ile Ijumaa ya mwisho, baba yake Dieudonne, mzee Salvatori, akafariki. Dieudonne akaondoka na laptop yake mgongoni, na simu akaizima.

"Jumatatu lori linafika," Ponsian akasema. "Wakala wa mbolea anapakia programu kwenye tableti asubuhi, anagawa, anafunga. Nimsimamishe kwa sababu ya folda moja?"

"Kwa sababu ya watu wa kata nzima."

"Theo, usinianzishie siasa zako."

Jumapili nikapanda bodaboda nikaenda Litapunga.

Nyumba ya msiba niliijua kwa moshi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na sufuria kubwa ya maharage ilikuwa inatokota uani. Dieudonne alikuwa ukutani, ndevu hazijanyolewa, macho yameingia ndani. Nikampa pole, nikakaa, nikala kilicholiwa. Mambo ya watu huwezi kuyaanza na shida yako. Nilipoona wengine wameinuka, nikamwambia.

"Ipo," akasema kwa sauti ya chini. "Folda ipo, nzima, na picha zote. Laptop iko ndani."

"Basi nipe niinakili. Dakika chache tu."

Akageuza shingo akamwangalia mama yake, Gaudiose, aliyekuwa amekaa mlangoni na khanga imefungwa kiunoni. Pembeni yake, ndani, majembe ya nyumba nzima yalikuwa yameegemezwa kwenye kona, na juu yake kitu bapa kimeviringishwa kwenye kitenge. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Kwao, mtu akifa, jembe halishikwi mpaka kilio kiondolewe. Atakayelima kabla, wanasema, anaita msiba mwingine. Na mama huyu, alipokuwa anakusanya zana za kazi, hakuuliza ipi inalima ardhi na ipi inalima nini.

"Hilo ndilo jembe la Dieudonne," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Ndilo linalomlisha. Limelala na wenzake."

"Mama, mimi sina kilio. Acha niishike mimi."

"Oya, hapana, binti. Jembe la nyumba yenye kilio haliazimwi pia. Ulisikia wapi?"

"Kilio kinaondolewa lini?"

"Jumanne."

"Lori linafunga Jumatatu, mama. Mkikosa, mmekosa msimu. Na wewe pia."

Nilidhani hilo litamsogeza. Akaokota kijiti akachokonoa moto, hana haraka.

"Wewe unamkumbuka Salvatori?"

"Namkumbuka."

"Alivuka mpaka wakikimbia vita, yeye amebebwa mgongoni. Amepanga foleni ya mahindi, amepanga foleni ya dawa. Foleni ya uraia alianza nayo kichwa cheusi, akaimaliza na mvi. Kila mahali ni yeye anayesubiri watu. Sasa amekufa, na watu wanaombwa wamsubiri yeye. Siku moja. Ni nyingi?"

Dieudonne alikuwa anaangalia ardhi.

"Tena huyu binti amekonda," Gaudiose akawaambia wanawake. "Mwongezeeni maharage, asije akaanguka kwenye pikipiki tukalia mara mbili."

Wakacheka, hata na msiba ule. Nikala tena. Nikarudi mjini na flashi tupu.

Jumatatu asubuhi Ponsian akaniambia nipandishe programu, yaani niitume mtandaoni wakala aipate. Nywila ya kupandisha nilikuwa nayo mimi peke yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikabidhi, kwa vile hakuwa na subira ya kazi hiyo.

"Sipandishi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Mwambie wakala asubiri mpaka kesho. Ikiwa kamili naipandisha. Ikiwa na kata mbili, sipandishi."

"Theo, hii ni kazi ya ushirika, siyo shamba la baba yako!"

"Ndiyo maana. Ingekuwa shamba la baba yangu ningefuta ninayemtaka."

Akampigia mwenyekiti. Mwenyekiti akanipigia mimi, akaanza na "mwanangu" akamaliza na polisi. Nywila sikuitoa. Wakala, mtu mnene mwenye kofia ya kiwanda, akasema anachojua yeye ni tableti. Isipowaka hagawi, na kesho mchana anaondoka na lori lake, limeshushwa au halijashushwa.

Nitakuwa mwongo nikisema watu walinishangilia. Uwanja wa ushirika ulijaa. Wa Kasansa walikuwa wamekodi fuso, wamelala njiani. Mzee Luhende, Msukuma mwenye ng'ombe na mpunga huko, akanijia na fimbo yake, akasimama karibu mpaka nikanusa tumbaku.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Sisi tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu. Litapunga hawamo."

"Mimi niliwatoa?"

"Hapana, baba."

"Basi kwa nini unaninyonga mimi? Mvua haisubiri kilio cha mtu. Nimeacha mifugo na watoto, nimekuja kuangalia lori lililofungwa turubai." Akawageukia wenzake. "Huyu ameshiba. Mwenye njaa hagomi."

Wakamwitikia. Mmoja akapiga kelele kwamba hao Warundi wamenilipa. Nikamuuliza kwa nini anawaita Warundi wakati wana vitambulisho kama chake. Akatema mate chini, karibu na kiatu changu.

Mama yangu alikuwemo pia, kwenye foleni ya Magamba, na kiroba chake kimekunjwa kwapani. Nilimwendea.

"Na mimi nimo kwenye huo mgomo wako?" akauliza.

"Umo, mama."

"Shamba nimeshatifua, Theo."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuwa na jembe." Akanipa mgongo.

Siku ile ilikuwa ndefu. Nilikaa kwenye kizingiti cha chumba chetu na kichwa kinagonga, na kila nilipofumba macho nilimwona mzee Luhende. Alikuwa anasema kweli. Na Gaudiose alikuwa anasema kweli. Aliyekosea alikuwa ndani kwenye kiti cha kuzunguka, na yeye hakuna aliyemtemea mate.

Jumanne jua lilikuwa limeshapanda na wakala ameshaanza kukaza kamba za turubai, ndipo bodaboda ikaingia imebeba watu wawili. Dieudonne alikuwa amenyolewa kichwa kinang'aa. Nyuma yake Gaudiose, na kile kitenge kifuani amekikumbatia kama mtoto.

Hatukusalimiana sana. Dieudonne aliinakili folda kwenye flashi, mimi nikaichomeka, nikaurudisha ule mstari alioufuta Ponsian, nikabonyeza. Tukasubiri wote watatu, vichwa vimegusana.

Nyekundu.

"Nilisema!" Ponsian akaruka. "Si nilisema?"

"Ngoja," Dieudonne akasema. "Siyo moduli. Moduli imeiona. Soma chini."

Nikasoma. Kata yote ilikuwa imeingia, majina yote na picha zote isipokuwa moja. Ilikuwa inaitafuta picha ya Salvatori, wa kwanza kwenye orodha, na haikuipata.

Dieudonne akajishika kile kichwa kipya. "Niliitoa mimi. Ile siku alipofariki hatukuwa na picha yake nyingine. Nikaihamishia kwenye flashi, nikaipeleka hapa stationery ikachapwe ya kuweka msalabani. Niliihamisha, sikuinakili. Flashi yenyewe ya kuazima, imeshafutwa."

Nikatoka nikamuuliza wa stationery. Hakuwa nayo, kompyuta yake anaisafisha kila jioni. Nikarudi. Nje wakala alipiga honi.

Mkono wa Ponsian ulikuwa umefika kwenye kibodi. Haukubonyeza. Ulikaa pale juu ya vitufe.

"Ni mmoja tu," akasema, na safari hii hakuwa na kelele. "Tena ni marehemu. Jamani. Watu wote hawa wanasubiri."

Nilikuwa nimezuia kata mbili kwa ajili ya kata moja. Nilikuwa nimeuweka rehani mwaka mzima wa mama yangu. Nizuie kata tatu kwa ajili ya mtu aliyezikwa? Namwambia nani? Nakiri mbele yenu, sekunde ile nilitaka abonyeze, ili nisiwe mimi.

"Hicho chombo kinasema nini?" Gaudiose akauliza. Alikuwa amebaki mlangoni.

"Kinasema baba hayupo, mama," Dieudonne akamjibu.

"Hilo hata mimi nalijua. Sikuhitaji kompyuta." Akasogea. "Sasa mnataka kufanyaje?"

Akatuangalia mmoja mmoja, akaushusha mkono wa Ponsian kutoka kwenye kibodi kama mtu anavyoshusha kuku mezani.

"Mstari wake msiuguse. Kinataka uso?"

"Kinataka uso, mama."

"Basi mimi nina uso. Ni uleule aliokuwa anauangalia kila siku."

Akaenda kusimama kwenye ukuta mweupe, akajifunga kitambaa upya, akaweka mikono chini. Dieudonne alimpiga picha kwa simu yangu, kwa sababu yake bado ilikuwa imezimwa. Ya kwanza ikatoka ukungu. Ya pili ikatoka vizuri. Gaudiose hakutabasamu. Tukaipa picha ile jina la Salvatori, tukaiweka mahali pake, nikabonyeza.

Kijani. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Nikapandisha. Nilipomaliza tu, Ponsian akanyoosha mkono, nikamwandikia nywila kwenye kiganja chake. Akasema mwenyekiti ameagiza nisije tena. Nikasema sawa.

Mgao ulianza na wa Kasansa, maana wana safari. Mzee Luhende akapita na mfuko begani, hakunisalimu. Mama yangu akapata wake, akauburuta mpaka kwenye mkokoteni, na nilipokwenda kumsaidia akasema ana mikono. Habari ilishafika Litapunga. Walianza kuja kwa baiskeli na kwa miguu, wakajipanga mwisho kama walivyozoea.

Foleni yao ilipofikiwa, wakala akagusa tableti, akasoma jina la kwanza.

"Salvatori!"

"Karame!" Gaudiose akaitika. Hivyo ndivyo kwao mtu anavyoitika akiitwa na mkubwa. Akasogea mbele.

Wakala akamwangalia, akaangalia tableti, akavua kofia, akaangalia tena.

"Mama, wewe ndiye Salvatori?"

"Hiyo picha inasema ni nani?"

"Picha ni wewe. Lakini jina..."

"Jina nalo ni langu. Nimelibeba tangu nikiwa msichana, na leo nimelibeba peke yangu. Una swali lingine? Watu wamesubiri sana."

Nyuma yake mtu akacheka, mwingine akamwambia wakala asitucheleweshe. Wakala akaangalia lori, akaangalia jua. Akabonyeza.

"Haya, Salvatori," akasema. "Shika mbolea yako."

Gaudiose alijaribu kuuinua mfuko peke yake, ukamshinda. Nikaenda nikashika upande wa pili, na yeye aliniachia nishike.