Ukuta wa Warumi Chini ya Ngazi

Mafundi waliochimba shimo la lifti walifika kimo cha kiuno tu, wakakuta ukuta. Remei alipoambiwa ni wa Warumi, alijua lifti haitajengwa. Mtu wa Tarragona, mji wa Hispania uliojengwa juu ya magofu ya Warumi, hahitaji kuelezwa zaidi: ukuta wa Warumi ukishaonekana, nyumba si yako tena.

Mama yake, Assumpta, alikaa ghorofa ya nne ya jengo hilo, na nyonga zilizokataa ngazi. Tangu majira ya baridi ya mwaka juzi hakuwa amekanyaga barabara. Alichotaka ni kidogo: kushuka uwanjani, acheze karata na wenzake huku wakiitukana serikali.

Berta, mtaalamu wa mambo ya kale, alipanda mwenyewe kuwapa habari.

"Hatuwezi kuendelea kuchimba, mama. Ukuta unalindwa na sheria."

"Na mimi nalindwa na nani?" Assumpta akauliza.

"Si muisogeze hiyo lifti pembeni?" Remei akadakia.

"Ukuta unapita chini ya jengo zima, dada. Samahani sana."

"Samahani yako itambeba mama mgongoni?"

Remei alizunguka maofisini hadi visigino vya viatu vikalika. Kila meza ilimwonea huruma, na kila meza ilimrudisha alikotoka. Si kwamba aliuchukia ukuta. Angeupenda sana kama ungekuwa chini ya nyumba ya jirani.

Mwaka ukapita. Ukuta ukasafishwa, ukawekewa taa, ukafunguliwa mlango wa wageni. Siku ya ufunguzi Remei alishuka kutazama. Ndani ya shimo lile lile lililochimbwa kwa ajili ya mama yake, jukwaa la umeme lilikuwa likimteremsha mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, taratibu, mpaka mbele ya mawe. Watu wakapiga makofi.

"Sheria inataka kila mtu aweze kuufikia," Berta akasema, uso umemwiva kwa aibu.

"Kila mtu?"

Remei akaziparamia ngazi, machozi ya hasira yakimtoka, akayafuta kabla hajafungua mlango.

Assumpta alikuwa dirishani.

"Wanapigia nini makofi huko chini?"

"Lifti, mama," Remei akaanza kueleza, lakini mama hakumngoja amalize.

"Imefika?"

Mama akashika meza, akainuka, akaanza kutafuta koti lake.