Faragha ya Mwalimu Nadine

"Nipishe nipite, Wendell!"

"Hupiti."

"Hii ni shule ya umma au banda lako la ng'ombe?"

"Corliss, punguza sauti. Watoto wanasikia."

"Wacha wasikie! Wao ndio wenye shule."

Wendell Kraft, mwenyekiti wa bodi ya shule, alikuwa ameuziba mlango wa maktaba kwa kifua chake, mkono mmoja kwenye kitasa, kofia kichwani hata humo ndani. Kupitia kwapa lake Corliss Brekke aliwaona wajumbe wengine wawili wa bodi, bibi Ione Hruska na Gene Sather, wameinamia vikombe vyao vya kahawa kana kwamba majibu yameandikwa chini. Huku nje ukumbini wazazi walikuwa wamebanana kati ya rafu za viatu na meza ya biskuti. Hakuna aliyefumbua mdomo isipokuwa Corliss. Ndivyo walivyo watu wa mashariki ya Montana: hugombana na theluji, hugombana na serikali ya Washington, lakini jirani humwachia Mungu.

Kilichowakusanya ni kazi ya mwalimu Nadine Azure. Mwezi wa nne mwalimu alikwenda mbele ya makamishna wa kaunti, akasimama kama mwananchi mwingine yeyote, akasema malori ya kokoto yasipitishwe mbele ya lango la shule kwa sababu watoto huvuka pale. Hakumtukana mtu. Alisema, akaketi. Lakini kokoto zenyewe zinachimbwa kwenye ardhi ya Wendell. Sasa ilikuwa mwezi wa tano, na bodi ilitaka kuamua kama mkataba wa mwalimu utaongezwa au atafungashiwa virago. Na ilitaka kuamua kwa siri.

"Nikukumbushe?" Corliss alisema. "Katiba ya jimbo hili, Tamko la Haki, kifungu cha tisa. Mtu yeyote asinyimwe haki ya kuvitazama vyombo vya umma vikijadili. Binti yangu Signe ana miaka kumi na anakijua kwa moyo."

"Basi akusomee mpaka mwisho," Wendell alijibu bila haraka. "Isipokuwa pale faragha ya mtu inapokuwa na uzito zaidi. Humu tunazungumzia maisha ya mtu. Mimi namlinda mwalimu."

"Unamlinda! Mbweha naye hulinda kuku."

Nyuma mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mwalimu Nadine alikuwa amesimama kando ya bomba la maji ya kunywa, mikono kifuani, uso umemshuka. Corliss alimtazama akingoja neno. Halikuja. Hilo nalo lilimkera. Wewe ndiye unayenyongwa, mama, na umesimama kama umekuja kushuhudia!

Lyle, mume wa Corliss, akamvuta mkono wa koti. "Mama Signe, tumeshasema yetu. Twende nyumbani."

"Wewe umesema lipi, Lyle? Nilikuwa wapi uliposema?"

Wendell alishusha sauti, akaifanya tamu. "Sikiliza, Corliss. Sina ugomvi na wewe. Ingia peke yako. Ukae, utazame, unyamaze. Utakuwa mwakilishi wa wazazi. Umeridhika?"

Ilikuwa njia rahisi, na kwa kitambo kidogo Corliss aliiona hivyo. Angeingia, angesikia, angetoka na habari. Halafu akawatazama waliokuwa nyuma yake: baba wa wale pacha wa darasa la pili, na mke wa fundi wa matrekta aliyempakata mtoto mchanga. Hasira ikampanda upya, na safari hii ilikuwa kali zaidi, kwa kuwa alikaribia kununuliwa kwa bei ya kiti.

"Haki si kiti cha mgeni wa heshima," alisema. "Kama ni yangu, ni yao pia. Fungua kwa wote."

"Basi nikwambie jambo lingine," Wendell alisema, na utamu ukamtoka. "Jumamosi hii ni zamu yenu ya kupiga chapa. Ndama wangapi mwaka huu? Ukishamgeuza kila jirani kuwa adui, nani atakuja na farasi? Nani atakushikia miguu ya ndama, hiyo katiba yako?"

Kule hakuna tishio zito kama hilo. Kila Jumamosi ya mwezi wa tano watu hukusanyika kwa mmoja wao, wakakamata ndama kwa kamba, wakawachoma chapa, wakawachanja, na malipo ni chakula cha mchana na zamu ya kulipana msaada. Mtu na mumewe peke yao hawaiwezi kazi ile. Lyle alikuwa ameuachia mkono wa koti.

"Utakuja au hutakuja, hilo lako," alisema. "Mlango huu si wako."

"Lakini unataka kuona nini humu?" Wendell alifoka, sasa amechoka kweli. "Hakuna cha kuona! Hatuna hata majadiliano. Jambo hili tulilimaliza Jumamosi iliyopita zizini kwangu, mimi na Ione na Gene, wakati wa chakula. Leo ni kuinua mikono tu, twende tukalale."

Alilisema kwa uso mkavu, kama anayetoa ushahidi wa kumwokoa. Kwake lilikuwa jambo la kawaida. Baba yake alikuwa mwenyekiti kabla yake, na baba yake naye alimaliza mambo ya shule akiwa ameegemea uzio, sahani ya maharage mkononi. Ndani, bibi Ione akafunika macho kwa kiganja.

"Wendell," akasema kwa unyonge, "nyamaza, mwanangu."

"Ninyamaze nini? Si kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana nakwambia nyamaza."

Corliss hakuamini masikio yake. Jumamosi ile alikuwa pale pale! Alipakua viazi na nyama, aliwajazia hao watatu vikombe, akapita na birika mara ngapi sijui, na kila alipokaribia walianza kuzungumzia mvua. Alidhani ni mvua. Kumbe aliwapa kahawa wakati wanamchinja mwalimu wa mtoto wake.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake haikuwa ya upole, "mimi siwezi kukusemea hili. Sheria inasema mwenye faragha akiiacha, mlango hufunguliwa. Ni wewe tu. Kama unataka kwenda kwenu kimya kimya, nitakusaidia kufunga mizigo. Lakini sema."

Nadine alikunjua mikono yake taratibu. Alikuwa na miaka mitatu pale. Wa nne ungempa kinga asifukuzwe kiholela, na kila mtu ukumbini alilijua hilo.

"Nilidhani nikinyamaza wataniandikia barua nzuri ya kutafutia kazi kwingine," alisema. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Bwana Kraft, hiyo faragha unayoilinda ni yangu. Siitaki. Kama nimekosa kwa kusema juu ya malori, nitajieni kosa mbele ya hawa. Nimewafundishia watoto wao."

"Hapo sasa!" mke wa fundi alisema kwa sauti, na mtoto akashtuka.

"Mimi ndiye mwenyekiti," Wendell alisema. Alirudi nyuma hatua moja, akauvuta mlango, akaufunga. Wakasikia ufunguo unazungushwa.

Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kutafuta makoti yao.

Corliss hakutafuta koti. Alikuwa akizitazama bawaba. Mlango ule hufunguka kuelekea ukumbini, kwa hiyo bawaba zake zote zilikuwa upande wao, zimepakwa rangi ya kijani pamoja na fremu. Mkanda wake wa suruali ulikuwa bado na koleo zito la kukatia waya, maana alitoka kutengeneza uzio moja kwa moja. Akalichomoa.

"Lyle. Shikilia mlango usiniangukie."

Lyle alimtazama mkewe, akatazama mlango, akavuta pumzi kama mtu anayeingia mtoni. Kisha akaweka viganja vyake viwili vipana juu ya ubao.

Corliss akagonga pini ya chini ikaruka. Ya kati iligoma kwa sababu ya rangi. Akaipiga tena, mara mbili, akiuma meno. Ya juu ikatoka kwa mkono. Baba wa wale pacha akaja upande wa pili bila kuombwa, wakauinua mlango wote watatu, ulimi wa kufuli ukachomoka, wakauegemeza ukutani karibu na viatu vya watoto.

Humo ndani wajumbe watatu wa bodi walikuwa wamegeuka, vikombe mikononi, wakiwatazama wazazi wa shule nzima.

Nadine aliingia wa kwanza, akavuta kiti kifupi cha watoto, akaketi mbele kabisa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila kelele. Corliss alirudisha koleo mkandani na kujifutia vumbi la rangi kwenye suruali.

"Haya," alisema. "Jadilini."