Vidole vya Profesa Ohlendorf

Tamta Gvelesiani alivitambua vile vidole kabla hajautazama uso. Virefu, vyeupe, vimelala juu ya blanketi kama vya mtu mwema. Alikuwa ameingia chumba cha tisa na trei ya sindano, maana wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio wanaotumwa kila asubuhi kuwatoa wagonjwa damu kabla hawajanywa kahawa. Akasoma jina kitandani: Profesa Ruprecht Ohlendorf, kiharusi. Damu iliyochemka ilikuwa yake mwenyewe.

Huyu ndiye aliyewafundisha anatomia. Mtihani wake ulikuwa wa mdomo, wanafunzi wanne wamesimama kuizunguka maiti, na mmoja akishindwa wote wanaona. Tamta alikuwa ndio kwanza ametoka Georgia. Aliulizwa kazi ya neva moja ya shingoni. Jibu alikuwa nalo. Kwa Kigeorgia lilishafika kwenye meno, ila Kijerumani ndicho kilichochelewa. Ohlendorf akainua ngumi, akaanza kufungua kidole kimoja kimoja. Cha mwisho kilipofunguka akasema, "Binti, mgonjwa atakufa wewe bado unatafuta neno. Rudi kwenu ukatibu mbuzi." Wenzake walicheka, mmoja wao mpaka akashika meza.

Ohlendorf akamwangusha mtihani. Muhula uliofuata akamwangusha tena, kwa vidole vilevile. Nafasi ni tatu tu, na ukianguka ya tatu hakuna chuo Ujerumani nzima kitakachokupokea kusomea udaktari. Tamta alipita ya tatu kwa sababu mzee alishastaafu na mtahini alikuwa mwingine. Lakini miezi ile ya kungoja alilala na hasira na kuamka nayo, na aliapa kwamba iko siku. Mwosha huoshwa, na mtu aliyefungua maiti nyingi kama Ohlendorf alipaswa kulijua hilo kuliko sisi sote.

Kiharusi kilimwachia akili, kikamnyang'anya maneno. Tamta ndiye aliyegundua, akiwa anamfunga mkononi mpira wa kutolea damu, kwamba ukinyamaza tu ukamngoja, neno linakuja. "Dirisha," mzee alisema asubuhi moja baada ya kimya kirefu, na machozi yakamlengalenga. Mzee hakumkumbuka hata kidogo yule binti wa mbuzi. Hilo lilimuuma Tamta kuliko vicheko vya siku ile.

"Umempenda babu nini?" Zdenka, muuguzi wa zamu, alimtania. "Kila siku unakawia humo kama bibi harusi."

"Tunajuana zamani."

"Basi akuoe, dada, umpunguzie mkewe mzigo."

Mkewe alimkuta Tamta mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wengine wote wanamkatiza," alisema. "Wewe peke yako ndiye unayemngoja. Mungu akubariki, mwanangu."

"Ni kazi tu, mama."

"Kesho daktari mkuu anaamua. Akiona maneno yapo, wanampeleka akafundishwe kusema upya. Akiona hayapo, ni nyumba ya wazee. Na mimi kwa mgongo huu siwezi kumnyanyua nyumbani. Utamsemea, sivyo?"

Tamta akasema atamsemea. Wakati anasema hakujua bado kama anadanganya.

Raundi ya madaktari hutembea kwa vyeo. Mbele Daktari Mkuu Sienknecht, nyuma yake wasaidizi, nyuma yao madaktari wadogo, kisha wauguzi, na mkiani kabisa mwanafunzi, ambaye kazi yake ni kufunga mlango. Ndugu wa mgonjwa hubaki koridoni. Walipojipanga chumba cha tisa, Sienknecht alimwita mbele.

"Gvelesiani, huyu wako. Mpime upesi, vyumba vingine vinatungoja."

Tamta alichomoa kalamu mfukoni. "Profesa, hii ni nini?"

Mzee akafungua mdomo. Midomo ikatafuta, ikakosa, ikatafuta tena. Tamta alijua kinachotakiwa: kunyamaza na kungoja. Badala yake akainua ngumi mbele ya uso wa mzee, akafungua kidole cha kwanza.

Ohlendorf alikitazama kile kidole. Cha pili kilipofunguka, akainua macho, na hapo ndipo alipomjua. Shingo yake iliota madoa mekundu. Tamta aliusikia utamu ukimshuka kifuani, utamu wa asali ya kwao, na hakuona haya. Akafungua cha tatu polepole, na cha nne polepole zaidi, ili aufaidi. Cha mwisho kilifunguka na mzee hajatoa hata sauti.

"Inatosha," alisema Sienknecht. "Maneno hayapo. Nyumba ya wazee. Una la kuongeza?"

Angeweza kusema, mngojeni. Madaktari wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Sina, daktari."

Msafara ukatoka. Tamta, wa mwisho, alikuwa ameshashika kitasa aliposikia nyuma yake, "Kalamu." Hakugeuka. "Kalamu," mzee alirudia, na safari hii ilikuwa ile sauti ya zamani, ya kufika hadi benchi la nyuma. "Kalamu! Kalamu!"

Akaufunga mlango.

"Nani anapiga kelele?" aliuliza Sienknecht akiwa ameshatangulia.

"Ni redio, daktari."

Kwenye kiti cha koridoni Mama Ohlendorf aliinua kichwa. Chumba cha tisa hakikuwa na redio, na sauti ile alikuwa ameishi nayo maisha yake yote ya ndoa. Alisimama, akiujali mgongo wake, akaja taratibu mpaka mlangoni. Tamta alikuwa bado ameshika kitasa. Makoti meupe yalishaingia chumba cha kumi, na huko walikuwa wanaita jina lake.

"Nipishe, mwanangu," alisema mama.

Tamta hakusogea. Kutoka ndani neno liliendelea kuja, sasa kwa kilio.

Mama alimtazama usoni, kisha akautazama mkono ulioshika kitasa, akaelewa.

"Nipishe," alisema.