Adui wa Siri wa Jesca

Simu ya Jesca ilijaa takataka kuliko mtaro wa Vingunguti baada ya mvua. Tuseme ukweli kwanza, maana haki ni haki: vijiprogramu viwili kati ya vyote alivyoviunganisha na ukurasa wake wa mtandaoni vilikuwa na faida. Kimoja kilimpandishia picha za magauni ya vitenge wakati yeye mwenyewe kainamia cherehani kibandani kwake Ukonga. Kingine kiliwajibu wateja waliouliza bei, tena kwa adabu kuliko ambavyo angewajibu yeye. Hivyo viwili vingetosha. Lakini vitu hivi haviji peke yao, vinakuja na ndugu zao. Kikaingia cha kumwambia anafanana na malkia gani, kikaingia cha nyota, kikaingia cha kumwonyesha angekuwaje kama angezaliwa mwanaume. Kila kimoja kilipobisha hodi kiliuliza kama anakubali, naye alibonyeza kukubali bila kusoma, kama wafanyavyo wote wenye haraka na wasio na haraka.

Kilichomtia matatani kiliitwa Adui wa Siri. Jumamosi moja, akisubiri pasi ipate moto, alikibonyeza. Nyuso za marafiki zake wa mtandaoni zikazunguka, zikazunguka, zikasimama kwenye sura ya mama mkwe wake, Bi Kokushubila, imezungushiwa miali myekundu. Chini yake pameandikwa kwamba huyu ndiye anayekuonea kijicho, kaa macho naye. Jesca alicheka mpaka akashika mbavu, akafunga, akaendelea kupiga pasi. Hakujua kwamba alipobonyeza kukubali alikuwa ametoa ruhusa majibu yabandikwe kwenye ukurasa wake, yaonwe na ndugu, wateja na jumuiya nzima ya kanisani.

Na yalionwa. Umeme ukikatika Ukonga, simu za wambea zinabaki na chaji.

Sasa ubaya wa jambo lenyewe ni huu. Masika iliyopita Jesca alipoteza mimba, na haikuwa ya kwanza. Bi Kokushubila alipanda basi kutoka Bukoba kuja kumuuguza, na hakurudi tena. Alimkanda kwa maji ya moto, alimpikia ndizi, alikaa naye kitandani alipokuwa akilia. Mama mzazi wa Jesca alikwisha fariki huko Masasi, kwa hiyo mama aliyebaki alikuwa huyu. Mwanamke anayeharibikiwa na mimba akitangaza kwamba adui yake ni mama mkwe, nani anahitaji kufafanuliwa? Neno lenyewe halikutajwa, wala halikuwa na haja ya kutajwa. Wanawake wa jumuiya walimfuata bibi wa watu na simu mikononi, wakamwonyesha, wakampa pole. Pole gani ile yenye meno.

Bi Kokushubila hakugomba. Alifunga begi, akahamia kwa shemeji yake, Mzee Gaspar, karani mstaafu wa Kurasini, akasema anangoja basi la kumrudisha kwao. Jesca alipiga simu, haikupokelewa. Alilifuta lile bandiko, lakini picha yake ilikwisha sambaa. Fredrick, mumewe, alisema hawezi kuishi na mtu anayemwita mama yake mchawi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitamka neno hilo. Jesca hakutaka kitu kingine chochote duniani ila mama arudi.

Kikao kiliitwa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa Mzee Gaspar. Alikuwepo mzee mwenyewe, Fredrick, na Bi Kokushubila aliyejifunika khanga mpaka puani. Noela, mke wa mdogo wake Fredrick, alikuja kusaidia jikoni. Noela hakuwa na mtoto, na kwa hilo alikwisha kusemwa vya kutosha katika ukoo ule. Ni yeye aliyefua mashuka yenye damu siku mimba ya Jesca ilipotoka, bila kuombwa na mtu.

Jesca alipiga magoti, akatoa shikamoo, ikaitikiwa na mzee tu. Akaeleza kwamba hakuandika yeye, iliandika mashine. Mashine haimjui mtu, inachukua sura yoyote kati ya marafiki zake, kama unavyochomoa kiazi guniani bila kuangalia. Mzee Gaspar, ambaye maisha yake yote hakuamini jambo lisilo na mhuri, alisema hayo ni maneno matupu.

"Kama inaokota tu, ibonyeze hapa tuione," alisema. "Ikimtoa mama yako tena, tutajua la kufanya."

Jesca alipiga hesabu: marafiki aliokuwa nao mtandaoni walikuwa utitiri. Akabonyeza, akailaza simu mezani wote waone. Nyuso zikazunguka, zikasimama kwa Noela.

Jesca alikuwa tayari kusema, mnaona? Juzi mama, leo Noela, kesho muuza nyama. Huo ndio ulikuwa ushahidi wake. Kinywa kilikwisha funguka. Lakini hakuna aliyekuwa akiitazama simu tena. Wote walimtazama Noela, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi.

"Nilijua," alisema Bi Kokushubila taratibu. "Mara ya kwanza ilikosea tu."

Ujinga ulioje! Mashine ileile waliyokuja kuilaani sasa ilikuwa inasema kweli, kwa sababu imesema walichokuwa wakikiwaza siku zote. Mzee Gaspar alikohoa, akasema yapo mambo aliyokuwa akiyaona akanyamaza. Fredrick akaukumbuka uji ambao Noela alikuwa akimletea mkewe. Bi Kokushubila akasogea kwenye kochi, akamwachia Jesca nafasi, akamvuta mkono akakae. Akamwambia amsamehe kwa kumnunia, leo wanarudi nyumbani.

"Jesca, si umesema inaokota tu?" Noela aliuliza. "Waambie basi."

Jesca aliujua ukweli kuliko wote waliokuwa mle ndani. Mkono wa mama ulikuwa juu ya wake, na ulikuwa na joto.

"Mie sijui, Noela," alisema. "Mie nimebonyeza tu."

Katika ukoo ule, maneno yakiisha hupitishwa kahawa ya kutafuna, punje kavu kwenye kikapu kidogo. Kila aliyepo huchukua, ijulikane kwamba hana kinyongo na wala hamwogopi anayempa. Noela aliingia jikoni, akatoka nacho, labda kwa kukosa jambo jingine la kufanya. Mzee Gaspar alisema meno yanamsumbua. Fredrick akajifanya anasoma kitu kwenye simu. Bi Kokushubila aligeuza uso ukutani.

Noela akasimama mbele ya Jesca, akakishika kikapu kwa mikono miwili, akangoja. Jesca alizitazama zile punje. Akatikisa kichwa kukataa.