Bonge la Udongo Madhabahuni

Bi Aremburga alikuwa ameshazika waume wawili, na wa tatu hakumtaka hata kwa dawa. Lakini mwanawe, Joduini, alikwishapatana na Bwana Berlai, kizee mwenye ngome juu ya mto: Jumatatu kizee atapewa mama, na mtoto atapewa ngome. Leo ilikuwa Jumamosi. Mama hakulia wala hakulalamika. Alimwita askofu, akaandikisha hati ya kujenga nyumba ya watawa wa kike kwenye shamba la ng'ambo ya kijito, alilopewa na baba yake siku ya harusi, na wa kwanza kuingia humo awe yeye. Mtawa haolewi.

Hati peke yake ilikuwa ngozi yenye maandishi tu. Kwao shamba halitoki mkononi mwa mtu mpaka bonge la udongo wake, na majani yake, liwekwe madhabahuni watu wakiona. Kazi ya kulikata alimpa Tesselino, msimamizi wake, mtu mwema lakini mvivu wa kutupwa.

Kanisa lilijaa. Karani alisoma hati mpaka akafika kwenye laana: atakayekiondoa kilichowekwa hapa, fungu lake ni pamoja na Yuda. Bi Aremburga akaliweka bonge kwa mikono miwili. Hapo ndipo Joduini alipoingia, matope yamemfika magotini.

"Mama, kwema?"

"Kwema, mwanangu. Umechelewa, laana imekupita."

Joduini akasogea, akaliangalia lile bonge, akaanza kucheka. "Tesselino, hebu njoo. Ng'ambo kule udongo ni mweupe kama unga. Huu mweusi umeutoa wapi?"

Tesselino akatazama viatu vyake. "Kijito kimejaa, bwana, na daraja liko mbali. Nikasema, udongo ni udongo tu."

"Umekata kwenye malisho yangu." Akamgeukia mama yake. "Unamzawadia Mungu mali ya mtu? Haya, twende nyumbani. Bwana Berlai ameshafungua mapipa ya divai."

Watu wakaangua kicheko. Bi Aremburga aliogopa, tena sana. Wakitawanyika kwenda kutafuta udongo mweupe, Joduini atawaweka watu wake darajani, na Jumatatu haina huruma. Akaliangalia bonge pale lilipo, na hofu ikamtoka.

"Kweli nimekosea," alisema. "Mali ni yako. Liondoe."

Joduini akanyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani. Karani alikuwa bado ameikunjua hati, kidole chake kipo palepale kwenye mstari wa Yuda. Joduini hakuwahi kuogopa upanga, lakini hili lilikuwa jambo jingine.

"Liondoe wewe, ndiwe uliyeliweka."

"Mimi? Nimeshagusa mali ya mtu mara moja, niiguse tena?"

"Askofu?"

Askofu akashikwa na kikohozi.

"Na nikiliacha?" Joduini aliuliza, sauti imepungua.

"Ukiliacha, umetoa. Malisho yako na shamba langu vitakuwa kitu kimoja, bonge hili litoshe kwa vyote viwili, na jina la kwanza kuombewa kila asubuhi litakuwa lako. Kalamu ile pale."

Joduini akaiendea kalamu. Akachora msalaba wake, ndiyo sahihi yake, chini ya hati, akaikandamiza kalamu mpaka wino ukatapakaa. Tesselino alitaka kushangilia, akaona nyuso za watu, akashusha mikono.

"Ngome imekwenda, malisho yamekwenda," Joduini alisema. "Na wewe, mama? Nikiugua, utakuja kuniona?"

Karani alikuwa amemshauri Bi Aremburga aache kijimlango katika hati, mtawa aweze kutoka nduguye akiwa taabani. Yeye alikataa katakata, kwa kuwa mlango utakaomfungukia mtoto utamfungukia na Berlai. Aliandikisha mwenyewe kwamba aingiaye hatoki, na katika hati nzima hakuna maneno aliyoyapenda kama hayo. Sasa yalimchoma.

"Siji, mwanangu," alisema. "Labda uletwe wewe, nikusikie dirishani."

Joduini alimbusu mkono, akaushikilia kupita desturi, kisha akatoka. Bi Aremburga akangoja mpaka farasi wa mwanawe akasikika barabarani. Halafu akamwambia karani apige muhuri.